Wazee Waliokuja Kuombea Kazi ya Maandalizi

Mimi ni mtu wa hasira na sioni haya kulisema. Nafundisha uuguzi katika chuo kimoja hapa Ajlun, na kwa muda mrefu nilikuwa naingia ukumbini nakuta wanafunzi wamekaa wananitazama kama wasafiri wanaosubiri basi. Ukiwauliza ini liko upande gani, wanaangaliana. Ndiyo maana nikaanzisha kazi ya maandalizi. Si jambo la ajabu: kabla ya kila mhadhara wa Jumapili, siku inayoanza wiki ya kazi kwetu, naweka mtandaoni video fupi na maswali machache. Mwanafunzi anatazama, anajibu, halafu anakuja darasani akiwa na kitu kichwani. Alhamisi jioni kazi inafungwa. Anayekosa kazi tatu anazuiwa kwenda wodini, na asiyekwenda wodini anarudia mwaka. Niliyasema haya siku ya kwanza, nikayarudia siku ya pili, nikawatumia na kwenye simu. Wote wakaitikia ndiyo, Daktari.

Basi Alhamisi moja Shuruq akakosa kazi ya tatu.

Shuruq ni msichana mwerevu mwenye mdomo. Yatima, amelelewa na ami yake, Haji Mfaddi, mwenye mizeituni mingi kuliko jamaa zake wote. Jioni ile aliniandikia: "Daktari, mtandao ulikatika." Nikamjibu kwamba mtandao wa Ajlun una tabia nzuri sana, hukatika Alhamisi tu, tena kwa wanafunzi walewale. Nikamwambia amezuiwa, nikaiweka simu kando. Nilidhani jambo limekwisha.

Kesho yake Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nilikuwa jikoni na mama tukiviringa wali kwenye majani ya mzabibu. Tukasikia magari, si moja wala mawili. Mama akachungulia dirishani, akaona wazee wanashuka na majoho yao meusi yenye pindo la dhahabu na vilemba vyekundu vilivyopigwa pasi mpaka vimekakamaa kama karatasi. Aliacha jani mkononi likiwa wazi, akapiga kigelegele kilichosikika hadi msikitini.

"Mama, una nini?"

"Nyamaza wewe! Ujumbe umekuja! Nenda kavae ile nguo ya kijani!"

Nina miaka thelathini na tisa. Kwetu, wanaume wengi wenye majoho wakija pamoja nyumbani kwa mtu, ama mtu ameuawa na wanaomba suluhu, ama kuna anayetaka kuoa. Kwa kuwa nyumba yetu haina damu na mtu yeyote, mama alishapiga hesabu yake.

"Mama, yule wa mbele ni Haji Mfaddi. Ana miaka sabini."

"Mjane."

"Anatembelea fimbo, mama."

"Ana mizeituni," alisema mama, na akanisukuma kwa kiwiko kuelekea chumbani.

Sikuvaa nguo ya kijani. Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, ambao haufungi vizuri tangu niko mdogo, nikachungulia. Walikuwa kama arobaini. Walijaa barazani, wakajaa sebuleni, wengine wakakaa kwenye ngazi. Baba yangu, Abu Ghassan, dereva wa malori mstaafu, alikuwa anang'aa kwa furaha. Hajawahi kupata wageni wengi namna ile tangu arusi ya kaka yangu. Akamimina kahawa chungu, akampa msemaji wao, Sheikh Dhiyab, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Sheikh Dhiyab akakipokea kikombe, akakiweka mezani mbele yake, hakukigusa tena. Wote wakaweka vikombe chini. Kahawa ya ujumbe hainywewi mpaka ombi likubaliwe, na mwenye nyumba anayeacha kahawa ya wageni ipoe hana tena uso wa kutoka nje.

Sheikh Dhiyab akaanza. Akamhimidi Mungu. Akamsifu babu yangu, ambaye hakumjua. Akasifu ujirani wa koo zetu mbili, visima, njia za mifugo, mwaka wa theluji kubwa ambapo babu yake na babu yangu waligawana gunia la ngano. Mama alikuwa amenishika mkono.

"Na sasa, Abu Ghassan," alisema Sheikh Dhiyab, "tumekuja kwenu tukiomba kitu kilicho kwa binti yenu. Tunaomba kazi ya maandalizi ya sura ya sita, kushuka kwa sukari mwilini, ifunguliwe kwa ajili ya binti yetu Shuruq."

Mama aliniachia mkono.

"Posa gani hii?" alininong'oneza.

Sikupata nafasi ya kumjibu, maana mlango wa nyuma ulifunguliwa, akaingia Shuruq mwenyewe, mtandio umepinda, macho yamevimba. Alikuwa amekuja na gari la mwisho.

"Wewe!" nilimwambia. "Umeniletea nchi nzima?"

"Daktari, wallahi mimi nilimwambia Ami kwamba nimezuiwa, nikalia kidogo. Kidogo tu! Nikaenda kunawa uso, kurudi nakuta ameshapiga simu mpaka Irbid."

"Nitazame. Mtandao ulikatika?"

Akainamisha kichwa. "Haukukatika."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Tamthilia. Ile ya Kituruki. Jana ndiyo alikuwa anarudi."

"Nani?"

"Mume."

"Amerudi?" aliuliza mama.

"Amerudi, Hajjah! Kumbe hakufa kwenye ile ajali. Ila hamkumbuki mke wake."

"Mama, tafadhali!"

"Na kama umeniuliza kweli, Daktari," Shuruq akaendelea, "usinikasirikie, lakini video zako, nusu nzima unasema karibuni. Mtu anachoka kabla hajajifunza. Nikasema, Jumapili si atayarudia yote yale yale darasani?"

Ningemjibu kwa majibu ambayo mama hapendi niyaseme jikoni kwake, lakini nikasikia sauti ya baba kutoka barazani, imejaa ukarimu na haina hata chembe ya fikira.

"Ni hilo tu? Wallahi nilidhani jambo zito! Kunyweni kahawa yenu, jamaa. Kazi ya maandalizi mmepewa. Na kama mnataka ya sura ya saba, chukueni na hiyo!"

Damu ilinipanda. Baba yangu hajui kazi ya maandalizi ni nini. Angeweza kudhani ni kifaa, ni mbuzi, ni kiwanja. Alichojua ni kwamba kuna wageni na kahawa inapoa, na kwamba kuna kitu cha binti yake ambacho yeye anaweza kukitoa, akakitoa. Mwanamke haingii barazani mbele ya ujumbe. Niliingia, na wali kwenye vidole.

"Baba, umewapa nini?"

"Kazi, mwanangu."

"Ni yako?"

"Mwanangu," alisema kwa upole, kwa jicho la kuniomba, "kahawa inapoa."

Wazee arobaini walinitazama. Vikombe vilikuwa bado mezani. Nikamtazama baba, mzee wa watu, jasho limeanza kumtoka pembeni mwa kilemba, nikaona kwamba nikimvunjia neno lake mbele ya watu hawa hataamka kesho. Nikameza hasira, ingawa si yote.

"Neno la baba yangu halivunjwi," nilisema. "Mmeomba nifungue, nafungua. Video na maswali bado yako wazi mtandaoni, nilichofunga ni alama tu. Shuruq akiifanya kazi ile kabla ya mhadhara wa Jumapili, ataingia darasani na nitamhesabia kana kwamba hakuchelewa. Asipoifanya, asinionyeshe uso, na mwaka ataurudia. Kahawa yenu hiyo, kunyweni. Ila nauliza kitu kimoja. Katika nyinyi wote, waheshimiwa, yupo hata mmoja anayejua alichokuja kuniombea?"

Nilitegemea kimya. Mikono ikanyanyuka, yote, mpaka ya wale wa kwenye ngazi.

"Haji Mfaddi alituita tangu asubuhi," alisema Sheikh Dhiyab, amevimba kwa fahari. "Alisema hatuingii nyumba ya watu kuomba kitu tusichokijua. Akaiwasha video kwenye televisheni kubwa, tukaitazama, tukarudia. Kila mtu amejibu maswali kwa simu yake. Mimi nimepata nane katika kumi. Ila swali la saba, Daktari, samahani, limekaa vibaya."

"Halijakaa vibaya."

"Limekaa vibaya. Linasema mgonjwa sukari imeshuka, amezimia. Mimi nimesema apewe juisi. Nikaambiwa nimekosa."

"Mtu aliyezimia hapewi kitu mdomoni, Sheikh! Atapaliwa afe!"

"Naam, lakini amekuja kwako. Humpi hata juisi?"

"Apigwe sindano!" alipaza sauti mmoja wa kwenye ngazi.

"Alazwe ubavu kwanza!" alidakia mwingine. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, mezani kahawa, barazani kelele, mmoja akidai kwamba tende ina nguvu kuliko sukari, mwingine akila kiapo kwamba video haikutaja tende. Nilihisi kichwa kinataka kupasuka.

"Basi njooni!" nilifoka. "Njooni Jumapili ukumbini, nyote, mkafundishwe!"

Ilikuwa hasira tu. Lakini mwaliko ukishatoka mdomoni nyumbani kwetu, mgeni haukatai na mwenyeji haurudishi. Sheikh Dhiyab akaweka mkono kifuani, akainama, akasema wamekubali heshima ile. Ndipo wakanyanyua vikombe, wote pamoja, wakanywa.

Jumapili bawabu wa chuo alinipigia simu sijafika hata getini. "Daktari, kuna wazee hapa wanasema ni wanafunzi wako. Kila mmoja ananionyesha simu yake, ameandikiwa 'Hongera, umekamilisha'. Niwafanye nini?"

Kanuni niliiandika mimi mwenyewe: aliyekamilisha kazi anaingia. Nikamwambia awaache waingie.

Nilikuta ukumbi umejaa majoho. Wanafunzi wangu wamebanwa pembeni na nyuma, wengine wamekaa sakafuni. Wazee wamekuja na chupa zao za kahawa, na mmoja ameleta sinia zima la kunafa, kitamu cha jibini na shira, limefunikwa kitambaa, kwa ajili ya baada ya somo. Mmoja wao, mwanajeshi mstaafu, alikuwa amewapanga wenzake kwa alama walizopata, kumi kwa kumi mbele, saba kwa kumi nyuma, na Sheikh Dhiyab alikuwa analalamika juu ya kiti alichopewa.

Shuruq alifika wa mwisho. Amepaka wanja, ametulia, ana koti jeupe limepigwa pasi. Nilimsimamisha mlangoni.

"Umeitazama?"

"Nini, Daktari?"

"Video, Shuruq. Umejibu maswali?"

Alinikodolea macho kwa mshangao wa kweli. "Lakini si wamekunywa kahawa? Nilidhani yamekwisha."

Ijumaa nzima na Jumamosi nzima alikuwa nayo. Wazee arobaini wameifanya, wengine bila miwani, na yule ambaye mwaka wake ulikuwa unaning'inia juu ya ile video hakuibonyeza. Nilimwonyesha kiti cha nje, karibu na mlango. Hakubisha. Akakaa, mikono mapajani, na mlango nikaurudishia nusu, maana ndani kulikuwa na joto.

Ule mhadhara sijawahi kuupata tena. Sitaki kutia chumvi, lakini sikumaliza sentensi yoyote. Nikiuliza dalili, mikono inanyanyuka kama msitu. "Jasho!" "Njaa!" "Ukali wa maneno!" Mmoja akasema basi mke wake ana ugonjwa huo tangu wafunge ndoa, ukumbi ukacheka, mwanajeshi akataka nidhamu. Sheikh Dhiyab alilirudisha swali la saba. Nikamweleza upya, kwa mchoro wa koo ubaoni. Akautazama mchoro kwa muda mrefu, akasema sasa ameelewa, lakini anaona aibu kwa niaba ya mwenye nyumba. Na wanafunzi wangu, wale wasafiri wa basi, walikuwa wanabishana na wazee, wananyoosha mikono, wananiuliza mambo ambayo sijaulizwa tangu nianze kufundisha. Hasira zilinitoka. Nilianza kufurahi, nakiri.

Haji Mfaddi alikuwa safu ya mbele. Akasimama, ameegemea fimbo.

"Daktari, yule mgonjwa wa kwenye video. Yule anayeamka alfajiri nguo zimelowa, mikono inatetemeka, anaita watu majina yasiyo yao."

"Ndiyo, Haji."

"Yule ni mimi."

Sheikh Dhiyab akacheka. "Kaa chini, Mfaddi! Wewe kila ugonjwa ukitajwa ni wako!" Wengine wakacheka naye. Haji Mfaddi hakukaa, na vicheko vikaisha kimoja kimoja.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu waliponiongezea vidonge vya sukari, kabla ya Ramadhani."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, Daktari? Nina nesi nyumbani. Mwaka wa tatu huu anasoma. Nikasema moyoni, ingekuwa ni ugonjwa angeuona. Ananikuta asubuhi nimelowa, ananiambia, Ami, chumba chako kina joto, nitakufungulia dirisha. Nikajua ni joto."

Hakumlaumu mtu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anavyomweleza fundi mahali paa linapovuja. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi na Shuruq amesimama pale. Wanja ulikuwa umeshamtiririka.

Aliingia bila kuniomba ruhusa. Akachukua kipimo cha sukari kwenye meza yangu ya vifaa, akapiga goti mbele ya ami yake, akamkalisha, akamshika kidole. Akachoma, akasubiri, akasoma.

"Hamsini na tatu, imeshuka sana," alisema. "Ami, umekula nini leo?"

"Sijala. Nilitaka kuwahi kiti cha mbele."

"Vidonge umemeza?"

"Nimemeza."

Wazee wote wakainuka kwa pamoja. Huyu ana tende, huyu ana halua, yule analeta sinia la kunafa juu ya vichwa vya watu, na Sheikh Dhiyab, hatimaye, ana juisi. Shuruq akageuka akawapigia ukelele wa kuwasimamisha ng'ombe.

"Rudini kwenye viti!"

Wakarudi. Alichukua ile juisi tu, akaishika mbele ya mdomo wa ami yake, halafu akasita. Akanitazama.

"Nusu glasi?"

"Nusu glasi," nilisema. "Halafu?"

Hakujua. Alikuwa analitafuta jibu usoni mwangu na hakulipata.

"Robo saa, mwanangu," Sheikh Dhiyab akamnong'oneza kutoka nyuma, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo. "Halafu unampima tena."

Hakuna aliyecheka. Shuruq akaitikia kwa kichwa, akamnywesha.

Tukangoja robo saa, ukumbi mzima. Uso wa Haji Mfaddi ulirudiwa na rangi kidogo kidogo. Alipopimwa tena namba ilikuwa imepanda, na mwanajeshi mstaafu akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Haji Mfaddi akanyoosha joho lake, akanitazama.

"Daktari, lile ombi letu tunaliondoa."

"Mfaddi!" alisema Sheikh Dhiyab. "Kahawa imeshanywewa!"

"Tunaliondoa. Arudie mwaka."

Nilimhurumia yule msichana. Mimi, niliyekuwa tayari kumzuia kwa dakika moja ya kuchelewa, nilifungua mdomo niseme hapana, yaishe, nimemsamehe. Shuruq akaniwahi.

"Ami, maliza juisi," alisema, na Haji Mfaddi, ambaye sijawahi kuona mtu akimwamrisha, akamaliza. Kisha Shuruq akaniambia, bila kugeuka, kidole cha ami yake bado kiko mkononi mwake, "Nitarudia, Daktari."

Nilisogeza kiti nikakiweka kando ya Haji Mfaddi. Shuruq akakikalia. Nikafuta ubao, nikaanza sura ya sita tangu mwanzo.